Je, ninaweza kuhama bwenini katikati ya mwaka wa masomo?

SWALI: Chuo chetu kinawataka wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza waishi bwenini, nami nilitia saini mkataba wa chumba. Sasa nimepata chumba cha kupanga nje, na mwenye nyumba anataka tuandikishane wiki hii. Nikihama muhula wa pili, je, chuo kinaweza kuendelea kunidai?

JIBU: Ndugu msomaji, ndiyo, kinaweza, na ninakusihi usitie saini mkataba wa pili kabla hujafunguliwa kutoka katika ule wa kwanza. Hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Kanuni ya makazi hueleza nani analazimika kuishi chuoni, na vyuo vingi huwaruhusu kuishi nje wanaokaa na wazazi au walezi wao karibu na chuo, wenye ndoa, wenye watoto wa kulea, na wenye sababu za kiafya zilizothibitishwa na daktari. Mkataba wa chumba ni makubaliano ya fedha, na kwa kawaida hukufunga kwa mwaka mzima wa masomo. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kusamehewa kanuni na bado akadaiwa ada ya chumba, pengine na ya chakula pia, kwa muhula ambao hakulala humo hata siku moja.

Usome mkataba wako, hasa kipengele cha kuuvunja: notisi itolewe lini, kwa njia gani, na adhabu yake ni kiasi gani. Kisha peleka ombi la maandishi kwenye ofisi ya malazi, ukiambatisha vielelezo, na usubiri jibu la maandishi, kwa maana kauli ya mlezi wa bweni mlangoni haifuti deni. Ukiruhusiwa, rudisha ufunguo siku ileile na uhakikishe fomu ya ukaguzi wa chumba imesainiwa. Nimewahudumia wanafunzi waliokwisha kuhamisha magodoro lakini wakaendelea kuhesabiwa kuwa wakazi kwa sababu ufunguo ulibaki mfukoni.

Mwenye nyumba naye muulize kama mkataba wake ni wa miezi 12, kwani utalipia hata likizo. Mkipanga wawili kwa mkataba mmoja, mwenzako akiondoka unaweza kudaiwa kodi yote. Kama una mfadhili, mjulishe mapema, maana baadhi yao hukadiria posho kulingana na mahali unapoishi.