Omba Toni Yako: Kwa Wadogo Wanaokuja Kupimwa Sauti

Wadogo zangu, wiki hizi bendi yetu ya rock inatafuta mwimbaji wa mbele. Tuliyekuwa naye tangu mwanzo amepata kazi mgodini Kolwezi, na mtu wa zamu hawezi kuahidi Jumamosi. Kwa hiyo vijana wanakuja Kamalondo, hapa Lubumbashi, kupimwa sauti, nami nakaa pembeni na gitaa langu nawatazama wakitumbukia kwenye mashimo yaleyale yaliyowameza wenzao. Mnakuja mmepiga pasi, mmelipa teksi, mmekesha mkikariri maneno ya Kiingereza, halafu wimbo haujafika kiitikio mmeshajiharibia. Inaniuma, kwa sababu sauti katika mji huu zipo, tena nzuri sana. Basi nayasema hapa, anayekuja Jumamosi aje ameyasikia.

1. Acheni kumwiga aliyeondoka.

Kila mmoja anaingia na mkwaruzo wa mzee wetu, anakokota maneno kama yeye, hata mguu wa mikro anaushika kwa mkono wa kushoto kama yeye. Mmoja alikuja na kofia ileile! Nilimpenda papo hapo, lakini sauti yake sijaisikia mpaka leo. Tumepiga na yule mzee miaka mingi. Ukimwiga tunamsikia yeye, na yeye yuko Kolwezi.

Bendi ya AC/DC walimpoteza mwimbaji wao Bon Scott, aliyefariki mwezi wa Februari 1980. Waliyemchukua ni Brian Johnson, aliyekuwa ameimba na bendi ya Geordie, na sauti yake haikuwa ya Scott. Hawakumsukuma jukwaani kwanza akaimbe nyimbo za marehemu. Waliingia naye studio, akaandika maneno ya nyimbo mpya yaliyokaa mdomoni mwake, ndipo wakaenda kupiga naye konseri ya kwanza mjini Namur, Ubelgiji, mwishoni mwa Juni. Julai albamu ikatoka, ikawa moja ya albamu zilizouzwa zaidi duniani. Kwa hiyo mkija, njooni na wimbo wenu mmoja mliotunga wenyewe, hata kama haujakamilika. Na sisi wazee tuna deni hilohilo kwenu: mwimbaji mpya apewe nyimbo mpya mapema, asiishi kwenye chumba cha mwenzake.

Jirani zetu tu hapa, ukivuka mpaka wa Kasumbalesa, vijana wa Copperbelt, mkoa wa migodi ya shaba Zambia, miaka ya 1970 walipiga rock ya kwao ambayo leo dunia inaiita Zamrock. Mbele ya bendi ya WITCH alisimama Emmanuel Chanda, aliyeitwa Jagari kwa ajili ya Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones. Jina alilichukua Uingereza, ila ukisikiliza santuri zile unamsikia kijana wa Zambia anaimba na koo lake. Alipoondoka, wenzake waliendelea, na kwa mkono wa mpiga kinanda Patrick Mwondela wakageukia disko. Wako wanaolaumu mgeuko ule. Mimi siwalaumu, maana bendi ikibadilisha mwimbaji inabadilika, na inayokataa kubadilika inamtesa mgeni.

2. Jueni maana ya mnachoimba, na kama Kiingereza kinawashinda, imbeni Kiswahili, hakuna atakayewafukuza.

3. Ombeni toni yenu.

Hapa nitakaa. Toni ni kimo ambacho wimbo mzima unapigwa, juu au chini. Nyimbo zetu nyingi zilitungwa juu ya sauti ya mzee wetu, sauti ya juu, na nyingi ziko kwenye toni ya mi. Gitaa na besi zinaipenda mi: uzi ule mnene ukiupiga wazi, bila kuubana popote, unanguruma wenyewe, na rifu nzima, ile sauti fupi ya gitaa inayojirudia, inasimama juu yake. Mwimbaji akitaka toni moja chini, yaani wimbo mzima ushuke hatua moja, mpiga kinanda anabonyeza kitufe, amemaliza. Sisi wa nyuzi inabidi tushushe zote, zinalegea, zinagonga vyuma vya shingo, tutafute nyuzi nene zaidi, na za namna hiyo mara nyingi unamwagizia mtu anayevuka kwenda Zambia. Ndiyo maana mpiga gitaa hukunja uso akisikia neno "tushushe". Mjue upinzani unatoka wapi.

Zamani kidogo, mzee wetu alipougua kwa muda mrefu, tulimchukua kijana wa kwaya kutoka Katuba, mwalimu wa shule ya msingi. Siku aliyokuja aliimba wimbo wa kanisani kwao bila ala yoyote, na mpiga ngoma wetu, mtu asiyejua kusifu, aliweka fimbo chini akabaki anamtazama. Ilikuwa sauti ya katikati, nzito, yenye joto. Hatukupima mwingine. Tukampa nyimbo zetu zote, kwenye toni zilezile.

Repetisyo ya kwanza, yaani mazoezi ya bendi, niliona mishipa ya shingo. Noti ikipanda, kidevu kinapanda, mabega nayo yanafuata. Anayeimba anajua hiyo ni dalili ya nini. Mpiga besi akasema, "Tushushe toni nzima, huyu si yule." Nikamwambia rifu itakufa. Kisha nikamgeukia kijana mbele ya wote: "Utaweza?"

Akasema, "Ndiyo, papa."

Angejibu nini? Alikuwa na umri wa mwanangu, amesimama mbele ya watu walioanza kupiga pamoja kabla hajazaliwa, na kwetu mtoto hamkatalii mkubwa hadharani. Nilimuuliza swali lenye jibu moja, halafu jibu hilo nikalifanya ushahidi. Kila mpiga besi alipolirudia neno lake, nilimkumbusha kwamba kijana mwenyewe amekubali.

Miezi ikaenda. Sauti yake ikaanza kukwaruza, na sisi tukafurahi! Tulimwambia sasa amekomaa, sasa ana sauti ya rock. Kumbe koo lilikuwa limevimba. Alikuja na chupa ya tangawizi na asali, akinywa kati ya wimbo na wimbo, na asubuhi yake anasimama mbele ya darasa lililojaa watoto, anapaza sauti tena. Hakulalamika hata mara moja, na mimi ukimya ule niliusoma kama nguvu.

Ikaja konseri ya kiangazi, uwanjani, nje, vumbi jekundu la Septemba linaelea mbele ya taa. Spika za kujisikilizia zilikuwa dhaifu, hajisikii, kwa hiyo anasukuma zaidi. Kipindi cha pili, kwenye wimbo wetu mrefu, mahali ambapo mzee wetu hupanda na kushikilia, kijana akafungua mdomo ikatoka hewa tupu. Hakukuwa na mlio wa kupasuka wala kikohozi. Midomo ilicheza, shingo ikakaza, na watu wakadhani mikro imekufa. Wakaanza kumzomea mtu wa sono. Maskini akakimbia na mikro nyingine, akamkabidhi, na kijana akaishika kwa mikono miwili akajaribu tena. Nikaingia na solo, nikairefusha, nikairefusha, maana sikujua lingine la kufanya. Alipogeuka kututazama alikuwa analia.

Daktari wa koo alikuta vinundu kwenye nyuzi za sauti. Akaamriwa kunyamaza wiki nyingi, hata kunong'ona marufuku. Mwalimu asiyeruhusiwa kusema anafundishaje? Walitafuta mwingine wa kushika darasa lake, na wakati ule hakuna aliyemlipa. Sauti ya kuongea ilirudi. Ya kuimba ilirudi nusu: noti za juu zimekwenda, leo yuko safu ya besi kwenye kwaya ileile aliyokuwa akiiongoza kwa sauti.

Nilikwenda kwao kuomba msamaha. Mama yake alinipa kiti, akanipa maji, akaniuliza swali moja: "Kwa nini hamkushusha?" Ameimba kwaya maisha yake yote yule mama, toni anazijua kuliko wengi wetu. Sikuwa na la kumwambia, na mpaka leo sina. Rifu ile ninayoipiga kwenye mi nimeshaipiga kwenye re mara nyingi tangu siku hizo. Haikufa.

Hata bendi kubwa zimeanguka hapo. Mwimbaji Bruce Dickinson alipoondoka bendi ya Iron Maiden mwaka 1993, walimchukua Blaze Bayley, mtu wa sauti ya chini zaidi. Nyimbo za zamani zikabaki kule juu alikoziacha Dickinson, na Bayley akapanda jukwaani usiku baada ya usiku kuzifukuzia. Zilikuwepo konseri zilizofutwa kwa sababu ya koo lake. Mwaka 1999 akatolewa, Dickinson akarudi, na mashabiki wengi wakamtupia Bayley lawama zote. Nikisikiliza rekodi zile nasikia mwimbaji aliyevalishwa koti lililokatwa kwa mabega ya mtu mwingine. Na msidhani kushusha ni aibu. Mpiga gitaa Jimi Hendrix alishusha gitaa lake nusu toni, bendi ya Guns N' Roses vilevile, na hakuna aliyesema si rock.

Sasa sikilizeni namna ya kuomba, maana najua heshima inawafunga ulimi. Ombeni kabla wimbo haujaanza, katikati ni kuchelewa. Semeni hivi: "Papa, naomba tujaribu toni moja chini, nisikie." Hapo hujamkatalia mtu. Umeomba kujaribu, na mkubwa yeyote mwenye akili atakuheshimu zaidi. Na mjue noti yenu ya juu kabla ya kutoka nyumbani. Tumieni kinanda cha kwaya au programu ya simu. Noti unayoipata mara moja ukiwa umepandwa na hasira si yako. Yako ni ile unayoweza kuirudia jioni nzima na kesho yake ukaongea vizuri. Iandikeni kwenye karatasi, mnikabidhi mkiingia.

Kinachonifanya niandike yote haya ni kwamba siku hizi sisi wenyewe tunawauliza. Tunawaambia tunaweza kupiga kwenye mi, kwenye re, hata kwenye do, chagueni. Na Jumamosi iliyopita mmoja baada ya mwingine wakajibu: "Kama ilivyo, papa." Kama ilivyo! Shingo zikakaza mbele yangu, nikalazimika kusimamisha muziki. Wanangu, hakuna anayewapa alama kwa kuumia.

4. Imbeni sauti ya pili bila kununa.

Nyinyi wa kwaya mna utajiri hapa: soprano, alto, tenoro, besi, masikio yenu yamezoea kusikiliza wengine. Msiuache mlangoni. Mwimbaji Peter Gabriel alipoondoka bendi ya Genesis mwaka 1975, walipima waimbaji wengi, na mpiga ngoma wao Phil Collins, ambaye tayari alikuwa akiimba sauti za nyuma, ndiye aliyekuwa akiwaimbia wageni ili wajue wimbo unakwendaje. Mwishowe aliyekuwa akiwafundisha ndiye aliyebaki na mikro. Mpiga kinanda wetu nadhani angeweza kufanya hivyohivyo. Anaimba vizuri sana akiwa nyuma ya kinanda, lakini ukimsogeza mbele anatafuta jambo la kurekebisha kwenye nyaya. Tumemwacha. Kila mtu na mahali pake.

5. Video si njia ya mkato.

Mnanitajia Arnel Pineda kila mara. Ni kweli, mwaka 2007 Neal Schon, mpiga gitaa wa bendi ya Journey ya Marekani iliyokuwa ikitafuta mwimbaji, alimwona kwenye video za intaneti akiimba na bendi yake Manila, akamwandikia, na Pineda mwenyewe kwanza alidhani anataniwa. Lakini alikuwa na karibu miaka 40 wakati huo, na alikuwa ameimba kwenye bendi tangu ujana. Wekeni video, hakuna ubaya, ila Jumapili mwende kwaya na Ijumaa mwimbe baa, mbele ya watu wanaokula na wasiowasikiliza.

6. Kiangazi funikeni mdomo na pua mkiwa barabarani, kunyweni maji, na koo likiuma nyamazeni badala ya kulijaribu.

7. Pesa na bango muulize mapema.

Kabla ya konseri ya kwanza muulize nani analipa usafiri, mwimbaji anapata fungu gani, na mafuta ya jenereta yakila pesa za mlangoni hasara anabeba nani. Wazee wakisema "tutaona", muulize tena siku ya pili kwa upole. Haya yaandikwe, hata kwenye ukurasa wa daftari, na kila mmoja aweke sahihi.

Na muangalie bango. Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar, inapopiga na mwimbaji Adam Lambert inaandika jina lake kando ya jina la bendi, waziwazi, ili anayenunua tiketi ajue nani ataimba. Hapa kwetu mabango ya zamani hutumika tena kwa sababu uchapaji ni ghali, na picha ya mwimbaji aliyeondoka inabaki katikati. Watu wanakuja wakimtaka yeye, na hasira yao inakushukia wewe. Tukikuchukua, mimi nitalipia bango jipya. Bendi nyingine ikikuambia picha itabadilishwa mara ijayo, waambie na wewe utaimba mara ijayo.