Kabla Hujajifunza Miss McLeod's Reel, Fuatilia Ilikopita

Wanaoanza kupiga fidla ya Kiayalandi huniuliza sana toleo sahihi la Miss McLeod's Reel, mahadhi ya rili, yaani dansi ya kasi, ni lipi. Mimi huwaambia waache kulisaka. Jifunze kwanza toleo la watu utakaokaa nao kupiga, halafu yafuatilie mahadhi hayo nyuma kadiri uwezavyo, maana ukijua yalikopita utajua kipi unaweza kukibadilisha na kipi hakiguswi.

Ayalandi yanapigwa kila pembe, lakini chapa yake maarufu ya zamani ni ya Uskoti. Mwaka 1809, huko Edinburgh, familia ya wanamuziki ya Gow ilitoa kitabu chake cha tano cha muziki wa dansi, na humo yamo kwa jina la Mrs. McLeod of Raasay. Raasay ni kisiwa cha Uskoti kilicho kando ya kisiwa cha Skye. Akina Gow hawakudai kuyatunga. Waliandika kwamba ni rili ya Skye na kwamba Bwana McLeod ndiye aliyewapatia. Kwa hiyo usimwambie mtu kuwa yalitungwa 1809. Huo ni mwaka yalipochapishwa kitabuni, na wapigaji waliyajua kabla ya hapo.

Mwaka 1903, Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago, aliyaweka katika mkusanyo wake wa vipande 1,850. Yeye hakuwa mwandishi wa nota. Nyingi ziliandikwa na mwenzake James O'Neill, akisikiliza kwa sikio. Kusini mwa Marekani mahadhi yakashika majina mengine, Hop High Ladies na Uncle Joe, na watu wakayatilia maneno ya kuimba.

Sasa chukua fidla yako, maana tofauti za matoleo utazielewa vizuri zaidi kwa vidole. Waskoti wengi huyapiga kwa ufunguo wa A, yaani A ndiyo sauti ya msingi, na Waayalandi kwa G. Ukianza kwa A, sauti ya kwanza ni waya mtupu, usiobanwa kwa kidole, na E ya juu nayo ni waya mtupu, hivyo nyaya zinavuma zenyewe chini ya upinde. Ukianza kwa G, sauti ile ile ya kwanza inaangukia kidole cha tatu kwenye waya wa D. Mkono umekaa kwingine, na mapambo yanayokuja kirahisi ni mengine. Huko kusini mwa Marekani wapo wanaokaza nyaya mbili nene, G ikawa A na D ikawa E, ili uvumi uzidi. Naamini matoleo mengi yalizaliwa hivyo, kwa mkono kufuata njia iliyo nyepesi.

Waliolelewa na taarabu hawatapata shida hapa. Kwetu pia fidla kadhaa hushika lahani moja kwa pamoja, na kila mpigaji akatia nakshi zake bila kuivunja. Sikio hilo lilete huku, ni mtaji mkubwa.

Namna ninayofundisha ni hii. Sikiliza wapigaji watatu au wanne wa sehemu mbalimbali, uandike zile sauti tu ambazo wote wanazikanyaga kwenye mdundo mzito. Huo ndio mfupa. Upige mkavu, polepole, bila pambo lolote, mpaka mguu wako ugonge chini wenyewe. Pambo liongeze moja moja, na kila moja ujue umelitoa kwa nani. Usichanganye mtindo wa Kimarekani na mtindo wa Kiayalandi ndani ya mzunguko mmoja. Wenyeji watakuvumilia kwa adabu, ila mdundo utayumba na wachezaji watakosa pa kuweka mguu.

Jambo la mwisho ni namna ya kumaliza. Katika toleo la Kiayalandi la G, sehemu zake huishia kwenye A, sauti inayokurudisha mwanzo, kwa hiyo rili hii inaweza kuzunguka bila kikomo. Kabla ya kuanza, kubalianeni mtazunguka mara ngapi na nani atatoa ishara. Mkifika mwisho, ongezeni G moja ndefu, wote kwa pamoja. Kama mnaunganisha na rili nyingine, G hiyo iacheni, mvuke moja kwa moja.