Mahale na watoto mwezi wa nane? Geuza kaskazini

Kaka, unataka kumchukua mama watoto na wanao watatu kutoka Kigoma hadi Mahale, hifadhi ya sokwe, kwa boti ndogo ya mashine moja, ghuba kwa ghuba kwenye Ziwa Tanganyika, mwezi wa nane. Mimi ningeiacha Mahale. Ni zaidi ya kilomita 100 kusini, na msimu huo upepo wa kusini unawapiga usoni. Watoto watalowa na kutapika kabla hamjafika mbali.

Geuzeni kaskazini, hifadhi ya Gombe, nako kuna sokwe, kama kilomita 16 tu. Ila mtego uko kwenye kurudi: kwenda upepo unawasukuma mgongoni, mnaona ziwa tamu, kumbe jioni mnarudi mkipambana nao. Ondokeni alfajiri, mgeuze mapema. Mkichelewa, giza linawakuta katikati ya mitumbwi ya dagaa na nyavu zake, na wavu ukijizungusha kwenye pangaboi, mashine imekufa hapohapo. Chukueni plagi ya akiba, makasia na nanga yenye kamba ndefu, maana kina cha ziwa hili kinashuka ghafla hatua chache kutoka ufukweni.

Petroli: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi usiiguse.

Jaketi za kujiokolea zipimwe kwa kila mtoto. Shika mabegani, vuta juu. Ikipanda hadi masikioni, ni kubwa, haimfai. Na wavae tangu ufukweni (mama pia, hata akinuna).

Kuhusu sokwe, uliza hifadhini umri unaoruhusiwa kabla hujamwahidi yule wa mwisho.