Mlemavu, kilema, kiziwi: lipi ni la kutumia?

Swali lililoletwa lina sehemu mbili: je, "mlemavu" ni tusi, na je, "kiziwi" nalo tuliache? Jibu la neno moja haliwi jibu la jingine, na hapo ndipo wengi wanateleza.

"Mlemavu" limetokana na kulemaa, kama mtulivu na kutulia. Si tusi, ila linamtaja mtu kwa hali moja tu aliyonayo. Kwa maandishi rasmi andika "mtu mwenye ulemavu". Hata sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 inaitwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Angalieni kosa linalojirudia kwenye matangazo: "watu wenye walemavu". Hao ni watu wanaomiliki walemavu! Ulemavu ni hali, mlemavu ni mtu.

"Kilema" ndilo la kuacha kabisa unapomtaja mtu. Neno hili hutaja hitilafu yenyewe: ana kilema cha mguu. Hata methali ya "Mcheka kilema hafi bila kumfika" inasema hivyo, maana kinachomfika huyo anayecheka ni hali, si mtu. Ukimwita mtu kilema umemfanya yeye mzima kuwa hitilafu.

Sasa "kiziwi". Wapo wanaodhani ki- ya mwanzo inadunisha, basi wanakimbilia "mtu mwenye ulemavu wa kusikia". Lakini viziwi wenyewe wanajiita viziwi: chama chao ni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Wana lugha yao, Lugha ya Alama, na wengi hulibeba jina hilo kama utambulisho wa jamii yao. Wasioona wamechagua njia nyingine. Chao kinaitwa Chama cha Wasioona, hakikuitwa cha Vipofu. Kwa hiyo kanuni ya kulazimisha "mwenye ulemavu wa..." kila mahali haifai. Fuata jina ambalo kundi limejichagulia.

Kinachodunisha hasa ni upatanisho wa kisarufi, yaani viambishi vya maneno yanayofuata jina. Kiziwi amefika, viziwi wawili wameketi, kiziwi yule. Ukisema "kiziwi kile kimefika" umemweka pamoja na kiti na kikombe, na hilo msikilizaji yeyote analisikia kama dharau.

"Bubu" lisiunganishwe na kiziwi. Kiziwi ana sauti, na wengi huongea. Asiyesikia tangu utotoni hukosa kielelezo cha matamshi, koo lake halina tatizo.

Mwisho, "zeruzeru" limebeba historia ya mauaji na imani za kishirikina, liacheni. Andika "mtu mwenye ualbino". "Mlemavu wa ngozi" linasikika la adabu, lakini linaficha nusu ya jambo: upungufu wa melanini, ile rangi ya asili ya mwili, hugusa macho pia, na mwalimu anayeamini tatizo ni ngozi tu atampa mtoto kofia, kisha amketishe nyuma ya darasa asikoona ubao.