Duka Ninalolitegemea Halina Tovuti

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni tovuti au huduma ipi mpya ya mtandaoni uliyoijaribu, na umeionaje? Nimejaribu nyingi, maana kazi yangu inanilazimisha. Mimi ni fundi cherehani, nashonea Mfaranyaki hapa Songea, na karibu kila kinachopita kwenye cherehani yangu, iwe lesi, bitana, zipu, hata sindano, kinatoka Kariakoo, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa. Kwa hiyo kila anayekuja na programu ya kuuza na kununua huwa nampa nafasi yake. Wengi nimeshawafuta kwenye simu. Huduma iliyobaki, na ambayo ningeipa kura yangu kama mnapigisha kura, haina mwanzilishi, haina nembo, na hakuna waziri aliyekata utepe kuizindua. Ni WhatsApp, lipa namba na basi.

Naomba niieleze kwa kirefu, kwa sababu wasomaji wa Dar es Salaam huenda hawaijui; wao bodaboda huwafikia mlangoni. Muuza vitambaa wa Mtaa wa Uhuru anatupia picha za mzigo mpya kwenye stetasi yake asubuhi. Naona lesi ya bluu, namwandikia: "Dada, hiyo ya bluu yadi shilingi ngapi, na ni nzito au ile ya kuonyesha?" Ananijibu kwa sauti, huku wateja wengine wakisikika nyuma yake: "Fundi, hii nzito, inakaa." Simwamini mara moja. Namwomba atoke nayo nje anirekodie video, kwa sababu taa za dukani huidanganya rangi ya kitambaa, na bluu ya kwenye picha inaweza kunifikia ikiwa zambarau. Tunavutana bei. Nalipa kwa lipa namba, na kabla sijaweka namba ya siri jina la duka linajitokeza kwenye simu. Lisipofanana na lile ninalolijua, nasitisha. Jioni kijana wa dukani anaupeleka mzigo ofisi ya basi, Shekilango au kule Mbezi kwenye Kituo cha Magufuli, anaipiga picha risiti na kunitumia pamoja na namba ya gari. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, mzigo uliofungwa jioni unaweza kuwa Songea siku inayofuata. Naenda stendi, nataja jina na namba ya simu, karani anapekua chini ya mabeseni na mifuko ya mitumba, ananikabidhi changu.

Katika watu wote niliowataja hapo hakuna aliyejisajili popote, hakuna aliyeombwa barua pepe. Karani wa basi hajui kwamba yumo kwenye biashara ya mtandaoni, na sidhani kama angefurahi kuambiwa.

Sasa tuzitazame zile zilizokuja kwa mbwembwe. Jumia, iliyoanzia Lagos mwaka 2012, ilikuwa na tovuti nzuri, lazima niseme. Bei iko wazi, kitu unakiona pande zote, huhitaji kumbembeleza mtu. Aprili 2019 kampuni hiyo iliingia soko la hisa la New York. Novemba mwaka huohuo ikafunga shughuli zake Tanzania, ikieleza kwamba inaelekeza nguvu zake kwenye masoko mengine. Kenya imeendelea. Dar es Salaam walisikitika kidogo. Huku kusini wengi tulisikia imefungwa kabla hatujasikia kwamba ilifunguliwa.

Nimesikia watu wakisema tatizo la biashara hizi ni anwani. Fomu inakutaka jina la mtaa, namba ya nyumba na postikodi, na sisi tulikuwa hatuna. Lakini mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi nchi nzima, vibao vya mitaa vikasimikwa, nyumba zikapewa namba. Yangu inayo. Sijawahi kumsikia mtu akimwelekeza bodaboda kwa namba hiyo; bado ni "ukifika kwa mama maandazi, pale kwenye mwembe, nipigie." Kwa hiyo anwani ni kisingizio kuliko sababu. Namba ya simu ndiyo anwani yetu, na stendi ndiyo posta.

Wengine watasema dawa ni mawakala: weka mtu anayeaminika kila kijiji, awaagizie majirani wasio na simu janja. Hilo nalo lilijaribiwa, tena kwa akili sana. Copia ya Kenya, iliyoanza mwaka 2013, ilitumia wenye maduka ya vijijini kupokea oda na kukabidhi mizigo, na ilikusanya zaidi ya dola milioni 100 kutoka kwa wawekezaji. Ilitoka Uganda mwaka 2023, na Mei 2024 ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Habari ile ilinisumbua, kwa sababu mimi mwenyewe ningeapa kwamba mawakala ndio jibu. Nilivyoielewa, gharama iko barabarani. Sabuni na mafuta ya kula vina faida ndogo, na ukivipeleka kijijini kwa gari lako mwenyewe, lile gari linakula faida yote kabla halijageuza kurudi. Basi la Songea linaondoka leo hata kama kitambaa changu hakimo. Abiria wameshalipia mafuta, na mzigo wangu unalipa nauli ndogo ya kudandia safari ya wengine. Kampuni inayoagiza malori yake inalazimika kuyajaza kila siku, na mtu wa kuyajaza ni mimi, ambaye kuna wiki nanunua zipu tu.

Ndiyo maana nikisikia huduma mpya inatangaza "tunafikisha nchi nzima", huwa nauliza kwanza: kwa gari la nani?

Zipo nyingine ambazo siwezi kuzisemea marefu. Programu moja ya bidhaa za China, sitaitaja, niliiagiza shanga na vito vya gauni la harusi. Bei ilikuwa nusu ya Kariakoo. Mzigo ulipofika, bibi harusi alishakuwa na mimba iliyoanza kuonekana, na shanga zile bado ninazo kama kuna fundi anazihitaji. Nyingine ilinitaka nenosiri lenye herufi kubwa, tarakimu na alama, halafu ikatuma namba ya uthibitisho iliyonifikia muda wake ukiwa umekwisha. Kila nilipoomba mpya bando langu lilikuwa linayeyuka. Nimejaribu pia hizi za akili mnemba. Moja niliiomba initungie tangazo la kushona sare za kitchen pati, ikaniandikia "mavazi yenye umaridadi usio na kifani kwa hafla yako adhimu." Kiswahili fasaha, sikatai. Ila wanawake ninaowashonea wangedhani nimehama kushona nimeingia siasa. Niliandika mwenyewe: "Leteni vipimo kabla ya mwezi kuisha, baada ya hapo msinilaumu."

Kuna ya serikali ambayo naisifu bila kuombwa, nayo ni malipo kwa kontroo namba. Mfumo wa GePG, unaotoa namba hizo, ulipoanza mwaka 2017 nilidhani ni urasimu mwingine wenye jina la kidijitali. Leo leseni ya biashara, bili ya maji na ada ya mwanangu chuoni vyote nalipa kwa namba tu, nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Uzuri wake ni kwamba haikudai simu janja. Unapiga *150*00# kwenye kiswaswadu chako na kulipa, au unamwachia wakala namba na hela. Hakuna cha kupakua. Watengenezaji wa programu wangejifunza hapo kabla ya kututaka tusasishe kitu kila wiki.

Vijana wanaoanza biashara sasa hawakumbuki hata lipa namba na miamala ilivyofika hapa. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, kwetu ikaja 2008, lakini kwa miaka kadhaa kila mtandao ulikuwa nchi yake. Ukimtumia pesa mtu wa mtandao mwingine, alipata ujumbe wa kwenda kuzitolea kwa wakala wa mtandao wako, awe na wakala karibu au asiwe naye. Mitandao ilianza kuunganishwa mwaka 2014, Vodacom ikajiunga 2016, na hapo ndipo nilipoweza kununua kwa yeyote Kariakoo bila kumuuliza anatumia laini gani. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala. Wauzaji wangu wakarudi kwenye taslimu: "Fundi, mpe mtu anayekuja Dar." Pesa zikaanza kusafiri kwenye soksi za abiria. Serikali iliipunguza kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo, na baadaye tena, lakini nilichokiona kwa macho yangu ni jinsi huduma ya miaka mingi ilivyoweza kukimbiwa ndani ya wiki chache. Watu wa huku hawana ndoa na mtandao. Ukipanda bei wanarudi kwenye basi.

Nimesifu sana, sasa niseme na ubaya wa duka langu hili lisilo na mwenyewe, maana ubaya wake ni mkubwa. Mosi ni ule ugonjwa wa "bei njoo inboksi." Muuzaji anaweka picha ya kitambaa kizuri, watu hamsini wanauliza bei hadharani, na wote wanajibiwa waende faragha. Kila mmoja anapewa bei yake kulingana na picha yake ya wasifu. Mimi nimeweka picha ya cherehani kuukuu kwa makusudi, na nawashauri mafundi wenzangu wafanye hivyo.

Ubaya wa pili hauchekeshi. Utaratibu mzima unakwenda kwa kuaminiana, na matapeli wanajua. Nchi iliyozaa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haiwezi kushangaa kwamba kuna akaunti zinazokopi picha za maduka ya watu, zinashusha bei kidogo, zinapokea malipo halafu zinakublock. Jirani yangu, fundi kama mimi, alilipia lesi za wasimamizi wa harusi nzima. Risiti ya basi ilitumwa, namba ya gari ilitumwa, gari lilifika, mzigo haukuwemo. Risiti ilikuwa ya mtu mwingine, imefutwa jina. Polisi walimsikiliza vizuri. Pesa haikurudi, na sare zile alizishona kwa kitambaa cha mkopo. Laiti angenunua kwenye tovuti ya kampuni, angekuwa na mtu wa kumpigia simu na kumfokea. Sisi tuna nani? Jina tu lililojitokeza kwenye simu kabla ya namba ya siri, na ujanja wa kuwauliza wenzetu, "huyu unamjua?"

Hapo ndipo ninapoiona nafasi ya huduma mpya ya kweli, wala si ya kubuni upya. Wachina, ambao wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanawafuata Guangzhou na Yiwu kila msimu, walikuwa na shida hiihii: mnunuzi anaogopa kulipa kabla, muuzaji anaogopa kutuma kabla. Alipay ilianza mwaka 2004 kwa kazi hiyo tu kwenye soko la mtandaoni la Taobao. Pesa inakaa katikati, mnunuzi akithibitisha amepata mzigo, muuzaji analipwa. Mengine yote ya Alipay yalikuja baadaye. Hapa kwetu vipande vyote vipo: namba za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, jina linaonekana, basi linatoa risiti, karani wa stendi anakabidhi mzigo kwa jina. Kinachokosekana ni mtandao wa simu kuishikilia ile pesa mpaka karani abonyeze kwamba mzigo umechukuliwa. Tena ifanyike kwa kiswaswadu, pasipo tovuti.

Kwa huduma hiyo ningekatwa asilimia mbili ya kila mzigo nisinung'unike. Nimewagusia wauzaji wangu wawili watatu wa Mtaa wa Uhuru. Walicheka. Wanasema pesa yao haiwezi kulala siku mbili mikononi mwa mtu wa tatu wakati wanahitaji kulipia mzigo mwingine asubuhi, na kwamba nikitaka uhakika, nipande basi nije kuchagua mwenyewe.

Fundi cherehani, Songea