Usitupe negativu baada ya kuskani

Mkuu, umeuliza kama ukishaskani picha na negativu (zile filamu za kamera ambazo picha hutolewa kwazo) alizoacha marehemu baba yako unaweza kuzitupa kwa kuwa nyumba ni ndogo. Nakuomba sana usizitupe. Kama shida ni nafasi, toa fremu na maalbamu. Negativu zote zitaenea kwenye boksi la viatu.

Niko studio hapa Tanga tangu enzi za kusafisha picha kwenye chumba cha giza, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kuskania watu picha za familia. Picha nyeusi na nyeupe za miaka ya 1950 na 1960 huja zimekunjamana, pembe zimeliwa na mende, lakini sura zipo. Zile ni chembe za fedha. Dawa ikisuuzwa vizuri, zinakaa vizazi. Za rangi za miaka ya 1970 ndizo zinazosikitisha, nyingi zimebaki wekundu mtupu. Hata hivyo nikiletewa negativu yake, mara nyingi natoa picha nzuri kuliko iliyokaa ukutani.

Huku pwani adui wa filamu ni unyevu. Kuvu hula ule utando wenye picha, na filamu za asetati, aina ya plastiki, zikipigwa na joto na unyevu huanza kunuka siki na kujikunja. Ukisikia siki, zitenge siku hiyo hiyo na uziskani kwanza, maana mvuke wake huharibu na za jirani. Zilizo nzima weka kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, ndani ya kontena lenye mfuniko na silika jeli (vile vipakiti vya kunyonya unyevu), kabatini. Darini hapana, kuna joto mno.

Sasa faili la picha uliyoskani. Lenyewe halififii kidogo kidogo: leo linafunguka, kesho halifunguki kabisa. Naletewa CD za harusi za miaka ya 2000 ambazo hazisomeki, na mteja huyo huyo ana negativu za harusi ya wazazi wake ambazo naziskani bila taabu. Flashi na memori kadi hushika data kwa chaji ya umeme inayovuja polepole, kwa hiyo si za kuweka kabatini miaka kumi. WhatsApp nayo hubana picha. Tuma kama dokumenti. Google wanaweza kufuta akaunti iliyokaa miaka 2 bila kutumika, basi mtu mmoja nyumbani ajue nywila yako.

Faili huishi kwa kunakiliwa. Weka nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae nje ya nyumba, kwa ndugu wa mji mwingine au mtandaoni. Kila mwaka zifungue uzikague. Filamu inavumilia kusahauliwa, ndiyo maana ghala la Arctic World Archive, lililofunguliwa 2017 mgodini huko Svalbard, Norway, linaandika data za kompyuta kwenye filamu.

Kabla ya kuskani chochote, kaa na mama au shangazi, picha moja moja, uulize huyu nani, hapa wapi. Andika nyuma kwa penseli laini pembeni, usitumie kalamu ya wino, kisha majina hayo hayo na mwaka uyaweke kwenye jina la faili.