Ndoo imenyamaza: bia imeiva au imelala?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa Moshi, niko Minneapolis, Marekani, mwaka wa tatu sasa. Jumamosi iliyopita nilipika bia yangu ya kwanza, ile ya boksi: rojo la kimea, hopsi (maua ya kutia uchungu) na pakiti moja ya hamira, jumla galoni 5 kwenye ndoo ya plastiki. Jumapili kutwa kimya. Jumatatu asubuhi kile kidude chenye maji juu ya mfuniko kikaanza kutoa viputo mfululizo, hata usingizi nikakosa kwa furaha. Alhamisi kikanyamaza. Ndoo iko chumba cha chini, kuna baridi. Je, hamira imekufa? Niongeze ya mkate? Au imeiva, nijaze chupa kesho? Jamaa wanaisubiri, na wengine wako tayari kulipa dola 3 kwa chupa. – Mpishi Mgeni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Siku ile ile nilikutumia ujumbe wa maneno mawili: usijaze chupa. Sasa nikueleze sababu, maana najua si wewe peke yako.

Wewe na mimi tumelelewa na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Kule Marangu bibi yangu alikuwa akiinamisha sikio kwenye pipa, akisikia inavyochemka anafunua, anatazama povu, anasema kesho watu waje. Hakukosea hata siku moja, na ndivyo nilivyopotea mimi. Mbege inanywewa ikiwa hai. Nyangi, yaani rojo la ndizi zilizopikwa, ikishachachuka inachanganywa na mso, uji wa kimea cha ulezi, kesho yake iko kwenye kibuyu na povu lake, keshokutwa imeshakuwa kali. Gesi yote inakwenda zake hewani. Bia yako unataka kuifungia kwenye kioo wiki mbili. Bibi alitaka kujua kama inachemka. Wewe unatakiwa kujua kama imemaliza, na hilo sikio halilisikii.

Nilijifunza kwa kioo. Bia yangu ya kwanza ilinyamaza siku ya 5, nikajaza chupa 48 na kuzipanga kabatini. Siku ya 9, usiku wa manane, nikasikia mlio nikadhani balbu imepasuka. Ukafuata wa pili. Hamira ilikuwa bado inakula sukari, gesi ikakosa pa kutokea. Asubuhi koti la kanisani la mume wangu linanuka kimea, na mimi nachomoa vipande vya chupa kwenye mlango wa mbao kwa koleo.

Hicho kidude kinaeleza jambo moja tu: gesi inapita hapo. Mfuniko ukiwa haujakaa sawasawa gesi itatokea pembeni, nacho kitakaa kimya huku bia inachapa kazi. Bonyeza mfuniko taratibu kwa kiganja. Maji yasipopanda, ujue kuna mahali panavuja. Na kinyume chake kipo. Ukiwasha hita, bia ikapata joto, gesi iliyokuwa imeyeyuka ndani inatoka, kidude kinaanza tena kutoa viputo wakati hamira imeshamaliza zamani. Ile Jumapili ya kimya nayo isikutie hofu. Hamira ikitiwa huchukua nusu siku, siku nzima, hata mbili, kabla ya kuonyesha dalili.

Ukifunua, tazama ukuta wa ndoo juu ya bia. Kama kuna mkanda wa uchafu wa kahawia uliokauka, povu lilipanda likashuka. Hiyo inathibitisha kwamba hamira ilifanya kazi. Haithibitishi kwamba imemaliza.

Kwa hilo nunua haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea. Bei yake ni ndogo kuliko chupa utakazozipoteza. Chota bia kwa kitu kilichosafishwa kwa dawa, jaza bomba la kupimia, kitumbukize na ukizungushe kwa vidole kama pia, ili viputo vilivyokishikilia viachie. Viputo hivyo vinakibeba juu na kukudanganya. Shusha jicho usawa wa bia, usome pale ilipolala katikati, si pale inapopanda kwenye kioo. Vipimo vingi husoma sawasawa bia ikiwa na nyuzi 20 za Selsiasi. Soma maandishi yaliyo ndani ya chako.

Namba yake inaonyesha uzito wa kinywaji ukilinganisha na maji: maji matupu ni 1.000. Sukari inapandisha namba, hamira ikiila inashuka. Hukupima siku ya kwanza, lakini kwa bia ya rojo namba ya mwanzo iliyoandikwa kwenye boksi haipishani sana na yako ikiwa ulifikisha galoni 5 kamili. Tuseme ni 1.048. Ukikuta 1.020, bado. Ukikuta 1.012 leo, na baada ya siku 3 ni 1.012 ile ile, imemaliza. Toa 1.012 kwenye 1.048, zidisha kwa 131: una bia ya asilimia 4.7. Ulichochota usikirudishe ndooni. Kinywe. Bia iliyomaliza ina ladha ya bia iliyokaa wazi, haina gesi wala utamu wa togwa.

Mimi nadhani yako imelala kwa baridi. Hamira nyingi za bia za namna hiyo hupenda nyuzi 18 mpaka 22. Ipandishe ndoo juu sebuleni, ifunike blanketi, itikise kidogo tu bila kufungua ili hamira iliyotuama iinuke, halafu uiache siku 5. Ya mkate usitie. Ni ukoo mmoja na ya bia, ila ilichaguliwa kwa ajili ya unga, na ndoo yako haina upungufu wa hamira.

Ikishamaliza, sukari ya kutia wakati wa kujaza chupa, ili bia ipate gesi, ni gramu 110 hivi kwa galoni 5 zote. Ichemshe kwenye maji kidogo kwanza.

Hizo dola 3 zisahau. Sheria aliyoisaini Rais Carter wa Marekani mwaka 1978 inaruhusu nyumba yenye watu wazima wawili kupika galoni 200 kwa mwaka bila kodi, kwa kunywa, si kwa kuuza. Jamaa waje na nyama.

Nitumie namba zako mbili na tarehe zake, kabla hujagusa kizibo hata kimoja.